Wake wa Kihindi Wameanza Kuketi

Karibu mwaka mzima mama alitazama filamu za Kihindi akiwa mlangoni mwa jikoni. Televisheni iko sebuleni, na sebuleni alikuwepo kambo. Kambo ni baba mzazi wa baba yangu; kwetu Katanga babu tunamwita hivyo. Alikuja kutoka Likasi baada ya bibi kufariki, baba akampa kiti kikubwa kuliko vyote, kile kinachotazamana na televisheni uso kwa uso, na tangu siku hiyo mama hakuketi tena sebuleni kambo akiwemo. Na kambo yumo daima.

Hawakugombana. Upande wa baba kuna desturi inaitwa buko. Mke wa mtoto haketi chumba kimoja na baba mkwe, hali naye, hamkazii macho, na kama ana neno refu la kumwambia analipitisha kwa mtu mwingine. Anampikia, anamwekea sahani mezani, anapiga goti kidogo, anaondoka. Ni heshima, na inakwenda pande zote mbili, kwa maana kambo naye hakanyagi jikoni. Likasi haina taabu, nyumba zina ua na jiko la nje. Sisi hapa Ganshoren, mtaa wa Bruxelles, tuna sebule moja, vyumba viwili, na jiko ambalo mama akinyoosha mikono anagusa kuta. Msichana mmoja wa darasani kwetu, Mbelgiji, alipokuja kufanya kazi ya shule nami aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama ameadhibiwa.

Basi mama aliweka kigoda mlangoni mwa jikoni, ubavuni mwa friji, mahali ambapo kambo hamwoni na yeye anaona nusu ya televisheni. Nusu ya kushoto. Mtu akisema kutoka upande wa kulia, mama alikuwa akinong'ona, "Nani huyo anasema?" nami nikamjibu bila kugeuka, "Mama mkwe." Akishajua ni mama mkwe, uso wake alikuwa anautengeneza mwenyewe kichwani: hereni kubwa, nyusi zimepanda.

Mimi kazi yangu ilikuwa sauti. Filamu zinakuja kwa Kifaransa, midomo ya Wahindi inafunga kabla maneno hayajaisha. Kambo Kifaransa anakijua vizuri, ila masikio yake aliyaacha kwenye mashine za mgodi, na kile kifaa cha kusikilizia anakikataa, anasema kinampigia filimbi. Tukipandisha sauti, jirani wa chini anagonga dari lake kwa fagio. Kwa hiyo niliketi kwenye zulia, karibu na sikio lake zima, nikirudia kila neno kwa Kiswahili.

Mimi ni mtu wa aibu. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, ndivyo nilivyo. Darasani mwalimu akiniita, jibu langu linafika meza ya pili linachoka. Hata shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu marafiki zangu wana mikono mirefu na Kiswahili hawakijui. Lakini jioni, saa ya filamu, nilikuwa natoa sauti ambayo sikujua naimiliki: "Mama mkwe, leo sitanyamaza!" "Niambie ukweli mbele ya miungu yote ya nyumba hii!" Kambo aliinamisha kichwa, akauliza, "Bibi yangu, anasema nini? Rudilia." Bibi yangu maana yake mke wangu, kwetu mzee na mjukuu wake wanataniana hivyo. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Nilipenda. Nilikuwa mke wa Kihindi kila siku isipokuwa Jumapili.

Mama alianza kuzitazama zamani, alipokuwa bibi arusi mpya Likasi, na wale wake wa zamani anawakumbuka kama watu aliosoma nao. Walikuwa wake wa kulia. Mke anasimama chini ya ngazi, mama mkwe juu ya ngazi, radi inapiga ndani ya nyumba. Anasingiziwa mkufu, ananyamaza. Anatiliwa sumu kwenye maziwa, ananyamaza, tena anaomba msamaha kwa kumwaga maziwa. Anafukuzwa kwenye mvua, na kesho yake yuko pale pale anawasha taa za maombi, nguo imepigwa pasi, nywele zimenyooka.

"Ile ilikuwa moyo ya chuma," mama huniambia. "Mie ningekuwa nilisharudia kwetu zamani."

Nilipokuwa mdogo, wake hao walinikasirisha. Tulipozitazama tena zile za zamani kwenye simu ya mama, tukiwa kitandani pake Jumapili, ndipo nikaona kitu ambacho machozi yalikuwa yananificha. Yule mke analia, lakini anajua nani hajala. Anajua mtoto yupi ana homa, deni gani limemnyima usingizi baba mkwe, ufunguo gani unafungua sanduku gani. Funguo za nyumba anazifunga kwenye pindo la nguo yake, na siku mama mkwe anapomkabidhi funguo hizo, muziki unapigwa kama ametawazwa. Wanaume wa nyumba wanazungumza, wanagonga meza, wanaondoka na magari. Nyumba inabaki mikononi mwake. Niliwaheshimu tangu hapo, hata wale wanaolala na bangili zote mkononi, jambo ambalo bado silielewi.

Cha ajabu ni kambo. Filamu za Kihindi alizikuta kwetu, na alizishika kama mtu aliyekuta ndugu ugenini. Mara ya kwanza alipomwona mke anavuta kitambaa kufunika uso kwa sababu baba mkwe ameingia, alipiga paja.

"Unaona? Unaona! Beko na buko! Kumbe Bahindi ni batu sawa shiye!"

Yaani Wahindi nao wana buko, ni watu kama sisi. Kutoka jikoni nilisikia mama anacheka ndani ya kiganja.

Lakini siku hizi wake wa Kihindi wamebadilika, na filamu tuliyokuwa tukiifuata mwaka huu ilikuwa ya hao wapya. Ni familia ya watengeneza halua na vitu vitamu. Wake wanapika nyumbani, maziwa yanachemka kwenye masufuria makubwa kama beseni, na wanaume wanapeleka sokoni kuuza. Baba mkwe, mzee mwenye masharubu meupe, ndiye mwenye duka, na dukani ana godoro jeupe la kukalia ambalo mwingine hakalii. Mke mdogo wa nyumba ile ana kipaji kuliko wote. Halua yake ndiyo watu wanapangia foleni bila kujua ni ya nani. Naye anataka kitu kimoja tu. Anataka kusimama dukani, aione midomo ya watu wanaokula kazi yake. Hataki kutoroka, hataki talaka, hamchukii mtu. Kila siku anaomba hilo hilo kwa maneno mengine, kwa upole, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni.

Wakati huo huo, na hili ndilo lililofanya niandike, mama naye alikuwa na kitu kimoja anachokitaka.

Mama anasafisha nyumba za watu Auderghem, upande wa pili wa mji. Bibi kizee mmoja aliyekuwa akimsafishia alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mama siku yake ya kupumzika alikuwa akienda kumchana nywele tu, bila malipo, kwa sababu bibi yule alilia akichanwa na wengine. Mkuu wa nyumba ile akamwona. Akamwambia kuna mafunzo ya kutunza wazee, kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani bila kuwaumiza; mwaka mmoja, kisha kazi ya kudumu pale pale. Nafasi wanamshikia mpaka Ijumaa, ajibu ndiyo au hapana.

Mama alirudi siku hiyo na mashavu yanayong'aa kama ametembea kwenye baridi. Baba alipotoka kazini (anasafisha mabehewa ya treni pale kituo cha Gare du Nord), mama alimweleza, wote wawili wakiwa wamesimama jikoni, mlango umerudishwa. Mimi nilikuwa naosha vikombe.

"Bon," baba akasema. "Mie sikatale. Kazi ni muzuri. Mais muzee? Sasa hivi unarudia saa sita unamupatia chakula. Ukienda asubui paka mangaribi, nani atabakia naye?"

"Njo minakuuliza."

"Aah, non. Hii mambo ni ya muzee. Muulize muzee."

"Nitamuulizaje? Nitaingia niikale ku kanapé, niseme papa, bonjour?"

Kanapé ndiyo sofa yetu. Baba akajikuna shingo. Baba ni mtu mwema, lakini jambo likiwa kati ya mke wake na baba yake anakuwa kama mtu aliyesimama kati ya reli mbili. Wote wawili wakageuka wakanitazama mimi na vikombe vyangu.

"Mutoto atasema," baba akasema.

Nilikataa kwa kichwa. Maneno ya filamu si yangu, nayatoa kama bomba linavyotoa maji. Haya yalikuwa ya mama. Nilijua nikifika mbele ya kambo yatanikauka.

Kumbe hayakuhitaji mimi. Jioni ile, kwenye filamu, mke wa halua aliomba tena ruhusa ya kwenda dukani. Niliporudia, kambo akaguna, akasema kwa sauti ya kupita ukuta:

"Ule bibi akienda ku duka, nani atapikia muzee?"

Kisha mama, kutoka ubavuni mwa friji, akiniambia mimi:

"Mwambie kambo yako, chakula inaweza kupikwa asubui na kufunikwa."

"Kambo, mama anasema..."

"Nilisikia." Masikio yake yalikuwa mazima siku hiyo. "Mwambie mama yako, chakula ya kufunikwa inatoka jasho."

"Mwambie kambo, anaweza kuacha kifuniko wazi kidogo."

"Na muzee akianguka? Ule wa masharubu. Akianguka mu douche akioga, nani atamwinua?"

"Mwambie kambo, ule muzee wa masharubu eko na nguvu. Jana alipanda ngazi na kiloba ya sukari."

Kambo alikohoa. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anaficha kicheko. Nilikuwa nageuza shingo huku na huku, na katikati ya kugeuka huko ndipo nikaelewa kwamba halua haimo kabisa katika mazungumzo haya. Yule mke wa Kihindi alikuwa amewapa mahali pa kukutania. Bila yeye wasingeweza kuambizana hata nusu ya hayo, na nilimshukuru, na kitambaa chake cha manjano.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Kambo analalamika, mama anajibu, na malalamiko yanazidi kuwa mepesi. Mpaka shangazi alipopiga simu.

Shangazi, dada ya baba, anaishi Likasi na filamu zinafika kwao kabla hazijafika kwetu. Anapiga kwa video, kambo anashika simu karibu na sikio badala ya uso, hivyo shangazi anazungumza na nywele nyeupe.

"Papa, munafika wapi?" aliuliza. "Ule bibi ya halua, alishaenda ku duka?"

"Bado. Anaomba."

"Yo! Atatoka, atatoka. Na akitoka, papa, nyumba inawaka moto! Mutoto mudogo anapotea, wanamutafuta mu soko yote. Na muzee anapooza mukono. Ju ya nini? Ju hapakuwa muntu mu nyumba!"

Aliposema hivyo, mama pale mlangoni alirudisha kigoda ndani ya jikoni. Kambo akarudisha simu kwangu bila kuaga. Alikaa akitazama matangazo ya sabuni mpaka yakaisha, kisha akasema, si kwa mtu yeyote, "Donc, njo vile," yaani, basi, ndivyo.

Kesho yake hakulalamika kitu. Mama alitupa neno mara mbili kutoka mlangoni, "Mwambie kambo ule bibi leo anapendeza," nami nikalipeleka, na kambo akajibu, "Eeh." Hiyo eeh ilikuwa mbaya kuliko jasho la kifuniko. Baada ya chakula mama alimwambia baba kwamba atapiga simu kukataa. Aliisema akikwangua ugali sufuriani, na alikwangua muda mrefu kuliko ugali uliokuwepo.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yule mke wa halua hasa. Ina maana wamempandisha juu hivyo ili wamchomee nyumba? Nimewatetea wanawake hawa kwa sauti yangu mwaka mzima! Njiani kwenda shule, ndani ya basi, kitu kikaniambia muulize. Nikamtumia shangazi ujumbe wa sauti, mdomo ndani ya skafu: shangazi, nani alichoma nyumba, na je, duka la halua halikuungua?

Jibu lilikuja wakati wa mapumziko, na kicheko chake kilinilazimu kukimbilia chooni.

"Halua? Aah, mutoto, ngoja. Moto ni ya ile ingine! Ile ya mapacha! Unajua, courant hapa inakatika. Ikikatika minaenda kwa jirani, na jirani anatazama chaîne ingine, njo minaanza ya kwangu, minamalizia ya kwake. Bote banavaa manjano! Ya halua sijue mwisho yake. Usiambie kambo, atanicheka paka kufa."

Nilicheka peke yangu chooni. Shangazi alikuwa ameziozesha filamu mbili, na mama yangu ndiye alikuwa analipa mahari.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekwisha kumpa kambo chakula cha saa sita na kurudi tena Auderghem, baba yuko kazini. Kambo kitini. Hapakuwa na filamu, televisheni imezimwa. Nilivua viatu, nikakaa kwenye zulia mahali pangu, na kwa muda mrefu nikavuta nyuzi za zulia. Niliwaza yule mke angefanyaje. Wake wale hawaanzi kwa kelele. Wanaweka trei chini kwanza. Nikaweka mfuko wangu wa shule chini, ingawa ulikuwa tayari chini.

"Kambo, ule moto si ya halua."

"Moto gani?"

"Ya shangazi. Alichanganya. Ni ya ile filamu ya mapacha. Nyumba ya halua haikuwaka."

Nilingoja afurahi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mvua inalowesha.

"Bibi yangu, minajua. Shangazi yako tangu utoto anachanganya mambo. Na ile nyumba ni ya mawe, moto itakula nini?"

"Sasa kwa nini..."

Alisugua magoti.

"Kule mama yako anataka kwenda. Ni nyumba ya bazee, ee? Bazee sawa mie."

"Ndiyo, kambo."

"Hakuna muntu ananiuliza kitu. Banatuma mutoto, banatuma Bahindi. Mie minabakia hapa kufikiri: anajifunza kazi ile ju akimaliza anipeleke kule?"

Tulikuwa tumezunguka na duka la halua siku zote hizo, na hofu yake haikuwa huko. Nikamwambia la kweli pekee nililokuwa nalo: "Mie sijue, kambo. Muulize yeye."

"Na buko?"

"Sijue."

Akacheka kidogo, akaniambia nimpigie baba simu. Alimwamuru jambo moja: atokapo kazini aje na kuku.

Desturi, baba alinieleza baadaye, ina mlango wake. Baba mkwe akitaka kumwondolea mkwe haya, anampa kuku kwa mikono yake, mzima, anayepiga mabawa. Akishampa, wanaweza kuketi pamoja na kusema. Likasi angekuwa amefanya hivyo zamani, ila wazazi wangu walisafiri, kisha bibi akaugua, msiba ukaingia, na ikasahaulika. Kuku anayepiga mabawa huwezi kumbeba kwenye tramu kutoka Gare du Nord. Baba alikuja na kuku mgumu wa duka la Waafrika, wa barafu, ndani ya mfuko wa plastiki.

Kambo alimgeuzageuza.

"Kichwa yake iko wapi?"

"Papa, hapa banauza bila kichwa."

"Na miguu? Kuku ya kutoa haya haina miguu? Itafikaje kwa bakwe?"

"Papa, ni Bruxelles."

"Bon." Akamtazama tena, kama anamwomba radhi kuku. "Bruxelles ni Bruxelles. Muite."

Mama alikuwa amerudi, yuko jikoni bado na koti. Kambo aliinuka, akatembea mpaka kizingiti cha jikoni, wala hakukivuka, akanyoosha mikono miwili na kuku wa barafu juu yake. Vidole vilianza kukakamaa kwa baridi. Mama aliona, akapiga magoti yote mawili kwenye vigae, akampokea naye kwa mikono miwili. Baba alipiga makofi mawili, yale ya heshima, na mimi nikapiga, nimechelewa.

"Sasa kuya uikale," kambo akasema, akimwonyesha sofa.

Filamu ilikuwa imeanza, sijui nani aliiwasha. Na nitaandika hili kama lilivyokuwa, hata kama mtu atasema nimelipanga: hapakuwa na jambo lolote kubwa kwenye filamu siku hiyo, walikuwa wanachambua dengu. Jambo lilikuwa kwenye sofa yetu. Mama aliketi ukingoni kabisa, magoti pamoja, kuku mapajani maana hakujua aweke wapi, koti linalowa. Nimeona wake wengi wakiketi mbele ya baba wakwe zao, radi ikipiga, kamera ikiwakimbilia. Hakuna aliyeketi vizuri kama yeye.

"Alors," kambo akasema, akitazama televisheni. "Sema. Wewe mwenyewe."

Sauti ya mama ilitoka ndogo. Nilijikuta nafungua mdomo nirudie kwa nguvu, na baba akanibana mkono.

"Papa," mama akasema, akaongeza sauti, "minaomba kwenda kujifunza kazi ya kutunza bazee."

"Bale bazee, bakwe babo beko wapi?"

"Beko ku kazi, papa."

"Sawa weye."

"Sawa mie. Mais mie nitarudia hapa. Kila mangaribi. Hata nikijua kazi ile sawa docteur, weye utakufia mu nyumba hii, mu kiti ile."

Baba akashtuka, "Eh, maman!" Kwetu mtu hamtajii mzee kifo chake usoni. Mama naye akafunika mdomo. Lakini kambo alikuwa ameinamisha kichwa, sikio lake zima upande wa mama, na uso wake ulilegea kama uzi uliokatwa.

"Mu kiti ile," akasema. "Bon. Unasema muzuri." Akatazama upande wa jikoni. "Na saa sita? Miye sijue kuwasha ile mashine."

Ndivyo ilivyotokea kwamba kambo, ambaye hajawahi kukanyaga jikoni, aliingia jikoni kwetu Ganshoren. Haya ikiondoka inaondoka pande zote mbili, alisema. Baba akamwonyesha mikro-onde, ile mashine ya kupashia chakula, na baba mwenyewe hakuijua vizuri kama alivyodhani. Mama alikuwa bado kwenye sofa.

"Si kifungo ile kubwa, papa! Ile ya chini! Na toa kijiko, usiache kijiko mu sahani!"

"Inazunguka," kambo akasema kutoka jikoni, kwa mshangao. "Inazunguka sawa muntu anacheza."

Mama alicheka kwa mdomo wazi, bila kiganja. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka hivyo kambo akiwa nyumbani.

Bado nawapenda wake wa Kihindi. Wamenifundisha kwamba mtu anaweza kuomba kitu kimoja mara mia bila kuwa mdogo, na kwamba nyumba ya zamani inaweza kugeuzwa ukiwa ndani yake. Wa zamani waliibeba kwa kunyamaza, wa sasa wanaibeba kwa kusema, na sidhani hawa wa sasa wangeweza kusema kama wale hawakuwatangulia. Mama anasema naandika hivyo tu kwa sababu sijaolewa.

Ijumaa asubuhi alipiga simu kabla sijaenda shule. Alisimama wima katikati ya sebule, kambo kitini mwake akijifanya amelala. Kule upande wa pili mtu akauliza, na mama akasema ndiyo kwa Kifaransa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.